Maji, Muhuri na Wokovu: Nafasi ya Ubatizo Baina ya Bungoma na Kitale

Barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale hupita Misikhu na Lugulu, misheni mbili zisizotengana kwa mwendo mrefu. Misikhu ni ngome ya Wakatoliki. Huko mtoto hupelekwa kanisani angali mchanga, humiminiwa maji kichwani kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, kisha jina lake huandikwa katika daftari la parokia. Lugulu ni ngome ya Marafiki, wale ambao kwingineko duniani huitwa Quaker. Huko hakuna birika la ubatizo wala cheti. Muumini huketi, husikiliza na kuomba, na huaminiwa kuwa Roho ndiye abatizaye. Watoto wa pande hizi mbili huchota maji katika vijito vimoja, huketi kwenye dawati moja shuleni, huuziana mahindi na maharagwe, na hatimaye huoana. Hapo kwenye kuoana ndipo swali la maji hufufuka.

Hebu ichukuliwe hali ambayo si ngeni katika eneo hili. Binti wa Lugulu, aliyezaliwa na wazazi Marafiki na kulelewa na nyanya Rafiki, anaposwa na kijana Mkatoliki wa Kitale. Mahari imekubaliwa, wazee wamekula na kushiba. Padri anaitisha cheti cha ubatizo cha bi harusi. Hakipo, wala hakikuwahi kuwapo. Basi, kwa mujibu wa kanuni ya 1086 ya sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, ndoa hiyo inakuwa ndoa baina ya aliyebatizwa na asiyebatizwa, na haiwezi kuwa halali pasipo kibali cha mamlaka ya Kanisa. Binti huyo, aliyelisoma Agano Jipya tangu utotoni na kuimba katika kwaya hadi sauti ikamkauka, anawekwa katika fungu moja na mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la Kristo. Sheria yenyewe haisemi kwamba hataokoka. Ila shangazi za bwana harusi hawaisomi sheria. Wao husema waziwazi kuwa mtoto wao anamwoa mpagani.

Makala haya yanashikilia kwamba shangazi hao wamekosea, na kwamba kosa lao si la mawazo yao tu bali ni zao la mafundisho ya miaka mingi yaliyoyageuza maji kuwa lango la mbinguni. Ubatizo ni muhuri. Kila aliyewahi kusimama kwenye foleni ya ofisi ya chifu anajua kazi ya muhuri: huithibitisha barua, hauiandiki. Barua isiyo na muhuri hurudishwa na karani hata kama kila neno lililomo ni la kweli. Swali ni kama Mungu naye ni karani.

Neno hilo la muhuri halikutungwa hapa. Mtume Paulo, katika sura ya nne ya Waraka kwa Warumi, anauliza ni lini Ibrahimu alihesabiwa haki, kabla ya kutahiriwa au baadaye. Jibu lake ni kwamba ilikuwa kabla, na kuwa tohara aliipokea kama muhuri wa haki ambayo alikuwa nayo tayari. Mtume huyo huyo, katika sura ya pili ya Waraka kwa Wakolosai, anauweka ubatizo sambamba na tohara, akizungumzia tohara isiyofanywa kwa mikono na kuzikwa pamoja na Kristo katika ubatizo. Mtu wa Zurich au wa Chicago huhitaji maelezo marefu ili auelewe ulinganisho huu. Mtu wa Bungoma hahitaji.

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, hasa mwezi wa Agosti, vijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri ya siku ya kutahiriwa. Huvuliwa nguo, huoga maji ya baridi kali, hupakwa matope mwili mzima, kisha hurejeshwa nyumbani kwa wimbo huku wakisindikizwa na umati. Uwanjani mwa baba ndiko ngariba anakosubiri. Maji na matope hayo ni mazito kwa maana: kijana anayaacha ya utotoni, anatengwa na walio wake, anazizima ili astahimili. Hata hivyo, hakuna mzee wa Kibukusu atakayemwingiza katika rika lake kijana aliyeoga mtoni kisha akatoroka kisu. Wala hakuna atakayedai kuwa aliyetahiriwa hospitalini kwa sababu ya maradhi, asiyewahi kuyaona matope hayo, angali mvulana maishani mwake mwote. Watamcheka, watamtungia nyimbo, lakini watampa mke. Wazee hao, ambao wengi wao hawakuingia darasa la teolojia, wanajua kupambanua baina ya tendo na alama ya tendo. Inashangaza kwamba wajukuu wao waliosomea uchungaji mara nyingi hushindwa kufanya hivyo.

Lakini maandiko nayo yana watetezi wa maji, na haitakuwa haki kuwapita kimya. Wao hutaja kwanza Marko 16:16, ambapo kuamini na kubatizwa vimetajwa pamoja kuwa njia ya kuokoka. Hutaja Yohana 3:5, Yesu anapomwambia Nikodemo habari ya kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Hutaja pia Matendo 2:38, Petro anapouhusisha ubatizo na ondoleo la dhambi. Hizi si hoja nyepesi. Ila aya ile ya Marko, ikisomwa hadi mwisho, inamhukumu asiyeamini. Juu ya aliyeamini bila kubatizwa, haisemi lolote. Isitoshe, aya za mwisho za injili hiyo, kuanzia ya tisa, hazimo katika nakala mbili kongwe za karne ya nne, ile ya Sinai na ile ya Vatikani. Mhakiki wa fasihi, ambaye amefunzwa kuuliza matini ilitoka wapi kabla ya kuuliza inasema nini, hawezi kujenga hukumu ya milele juu ya nguzo moja ya aina hiyo. Kuhusu Nikodemo, wafafanuzi hawajaafikiana tangu kale iwapo maji yale ni ya ubatizo au la.

Upande wa pili upo mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, aliyeahidiwa peponi siku ile ile bila tone. Ipo nyumba ya Kornelio katika sura ya kumi ya Matendo, ambapo Roho aliwashukia watu kabla ya maji kutajwa. Yupo Paulo mwenyewe anayewaambia Wakorintho kuwa anashukuru kutowabatiza wengi wao, kwa maana hakutumwa kubatiza bali kuihubiri Injili. Ni vigumu kufikiri kwamba mtume angeshukuru kwa kuwanyima watu wokovu.

Tajiriba ya historia yaonyesha hatari ya kuufanya ubatizo lango. Kanisa lililokuja nchi hizi lilikuja na kitabu. Nchini Uganda Wakristo wa mwanzo waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, na dhana hiyo ilivuka hadi magharibi mwa Kenya. Kusoma dini na kusoma herufi vilikuwa kitu kimoja. Mwanafunzi wa ubatizo alifundishwa, akasailiwa, akafaulu au akarudishwa. Aliyefaulu alipewa maji na jina jipya, na kwa jina hilo akaandikishwa shuleni na kazini. Wafula, ambaye kwa jina lake tu watu walijua alizaliwa majira ya mvua, akawa Petro au Yohana. Hivyo ndivyo ubatizo ulivyoanza kufanana na shahada. Na shahada, kwa desturi yake, huwa na wanaonyimwa.

Walionyimwa zaidi ni wanaume wenye wake wengi. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, waliazimia kwamba mwanamume aliye katika ndoa ya mitara asibatizwe, bali awekwe chini ya mafundisho hadi atakapoweza kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani, kwa uamuzi wa viongozi wa mahali. Azimio hilo lilitawala kwa karne nzima. Mwaka 1988 maaskofu wa kanisa hilo hilo, wakikutana kwa mkutano wa jina hilo hilo, waliazimia kwamba mwanamume wa namna hiyo aweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa masharti, likiwamo la kuahidi kutooa tena, na kwamba asilazimishwe kuwafukuza wake zake. Uamuzi wa pili una huruma na hekima kuliko wa kwanza. Lakini kama ubatizo ndio mlango wa wokovu, basi mzee aliyekufa mwaka 1987 alifungiwa nje na mzee aliyekufa mwaka 1989 akafunguliwa, ilhali wote wawili walikuwa na imani moja na wake idadi moja. Hakuna muumini mwenye akili timamu atakayekubali kuwa mbingu hufuata kumbukumbu za mkutano.

Marafiki nao wasijione watakatifu katika jambo hili. Hawakuwa na maji, lakini walikuwa na lango. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuja kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, alikuwa mfuasi wa Kanisa la Marafiki kabla ya kutengwa kwa kuoa mke wa pili. Tena, walipofika Kaimosi mwaka 1902, wamisionari Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walileta fundisho kwamba ubatizo wa kweli ni wa Roho. Mwaka 1927, Chilson alipolihubiri fundisho hilo kwa moto, waumini wa Kaimosi walilishika neno kwa neno: wakaungama hadharani, wakalia, wakanena kwa lugha. Wamisionari wengine waliingiwa na hofu, na waliong'ang'ania uamsho huo hatimaye wakatoka na kuanzisha makanisa yao ya Roho Mtakatifu. Kumbe hata ubatizo usio na maji huweza kuhitaji kibali cha wakubwa!

Hata hivyo, Marafiki wana ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa, nao ni maisha yao. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Jeshi la Wokovu, ambalo chini ya William Booth liliacha kutoa sakramenti mwaka 1883 na likaingia Kenya mwaka 1921, nalo lina wafuasi chungu nzima Bungoma na Kitale wasiobatizwa kwa maji. Watu hawa wamejenga shule, wamewatibu wagonjwa, wamewalea mayatima, wamewazika wafu wao kwa tumaini la ufufuo. Jirani zao wanawajua. Akiulizwa mama wa soko la Chwele ni nani kati ya wateja wake aliyeokoka kweli, hatauliza nani alizamishwa na nani alinyunyiziwa. Atamtaja anayelipa deni.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, hautoki Lugulu. Unatoka Namugongo, ambako mahujaji kutoka magharibi mwa Kenya huenda kila tarehe 3 Juni. Mwezi wa Mei mwaka 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza kwa haraka vijana waliokuwa bado wanafunzi wa dini, akiwamo mdogo wao Kizito, kwa kuwa alijua kuwa mauti i karibu. Tendo hilo linaonyesha jinsi maji yalivyothaminiwa na watu waliokuwa tayari kufa. Lakini kati ya wafiadini 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964 yumo pia Mukasa Kiriwawanvu, ambaye hakuwa amebatizwa. Kanisa husema alibatizwa kwa damu yake. Ni msemo mzuri, lakini maana yake halisi ni kwamba alikwenda mbinguni bila maji, na kwamba Kanisa linaloyasisitiza maji kuliko mengi ndilo lililomwekea altareni. Vivyo hivyo, kwa karne nyingi wazazi Wakatoliki waliofiwa na watoto wachanga kabla ya ubatizo waliishi na hofu juu ya hatima ya watoto hao. Mwaka 2007 tume ya kimataifa ya wanateolojia wa Kanisa hilo ilitoa waraka unaosema kuwa kuna sababu nzito za kutumaini kwamba wameokolewa. Ulichelewa, lakini ulifika.

Tena sheria ile ile ya Kanisa, katika kanuni ya 861, inaruhusu mtu yeyote mwenye nia inayofaa kubatiza wakati wa dharura. Mtu yeyote, hata asiyebatizwa. Maana yake ni kuwa muuguzi Rafiki katika hospitali ya Lugulu, akimwona mtoto wa Mkatoliki anakata roho usiku wa manane, aweza kumbatiza, na ubatizo huo ukawa halali kabisa. Mkono wake watosha kumtia muhuri mwingine; yeye mwenyewe angali katika fungu la wasiobatizwa.

Lugha ya Kiswahili, bila ya kutumwa na kanisa lolote, imekwisha kuliweka jambo hili bayana katika vitenzi vyake. Mtu "hubatizwa": ni kauli ya kutendwa, na papo hapo msikilizaji anaweza kuuliza alibatizwa na nani, wapi na lini. Lakini mtu "huokoka": ni kauli ya kutendeka, isiyomtaja mtenda. Katika miaka ya 1930 uamsho ulioanzia Rwanda ulipoenea Uganda na Kenya, wafuasi wake, ambao wengi walikuwa Waanglikana waliokwisha kubatizwa utotoni, hawakusema wamebatizwa upya. Walisema wameokoka. Sarufi haithibitishi imani, na mwanaisimu atakayedai hivyo atakuwa amevuka mpaka wa taaluma yake. Ila inaonyesha kuwa wazungumzaji wa lugha hii walihitaji maneno mawili kwa sababu waliona mambo mawili.

Mtu akifika Kitale, atakuta tatizo la aina nyingine. Mji huo ulikua kwa watu waliotoka pande zote, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na baadaye wengine waliopata ardhi baada ya uhuru, na kila kundi likaja na kanisa lake. Ushindani wa madhehebu huko ni mkali. Mwumini aliyemiminiwa maji utotoni huambiwa kuwa alilowanishwa tu, hivyo huzamishwa mtoni. Akihamia kanisa jingine, huambiwa kuwa alizamishwa kwa majina matatu badala ya jina la Yesu peke yake, naye huzamishwa tena. Mto Nzoia, uyapitishao maji hayo kuelekea Webuye, lazima unawajua baadhi ya watu kwa sura. Wanaofanya hivyo hudai kuwa wanaliheshimu agizo la Bwana. Ukweli ni kwamba wanauvunja muhuri wa wenzao ili wapige wa kwao, na kila mara mwumini anatoka majini akiwa na shaka zaidi kuliko alivyoingia, kwa sababu amejifunza kwamba maji ya jana hayakutosha. Waraka kwa Waefeso unataja ubatizo mmoja. Katika jambo hili Kanisa Katoliki, ambalo haliurudii ubatizo halali uliotolewa na Waanglikana au Walutheri, linastahili kusifiwa na kuigwa.

Je, kutokana na haya yote, maji yaachwe? La hasha. Petro, baada ya Roho kuwashukia watu wa Kornelio, hakusema kuwa sasa maji hayana kazi, aliagiza wabatizwe. Mwanadamu ana mwili, na mwili unahitaji kukumbuka. Kijana wa Kibukusu haisahau baridi ya mto ule hadi kufa kwake, na mtu mzima aliyebatizwa mbele ya kijiji kizima, pamoja na mkewe aliyemtesa na jirani aliyemwibia, amejifunga kwa namna ambayo sala ya chumbani haimfungi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hapa ndipo Marafiki wanapojinyima. Vijana wao wanaohamia makanisa ya Kipentekoste mara nyingi hawafuati mafundisho tofauti. Wanafuata siku ya kukumbukwa, siku yenye tarehe, mashahidi na wimbo. Marafiki wangefaidika kwa kuliuliza jambo hili bila kuogopa kuwa wanamsaliti George Fox, ambaye aliishi Uingereza ya karne ya 17 na kupambana na kanisa jingine kabisa.

Ama kuhusu bi harusi wa Lugulu, kibali hutolewa mara nyingi, na ndoa hufungwa. Linalobaki ni namna ya kumpokea. Padri anaweza kulijaza fomu lile kimya na kuwaachia shangazi neno lao la "mpagani". Au anaweza, siku ya harusi, mbele ya Marafiki waliokuja kwa matatu mbili kutoka Lugulu na Wakatoliki waliojaza viti vya mbele, kueleza kwa nini amemwomba askofu kibali, na kueleza vilevile kile ambacho kibali hicho hakimaanishi. Kisha amkaribishe nyanya ya bi harusi, Rafiki ambaye hajawahi kubatizwa, awaombee maharusi kwa Kibukusu.